Taa Iliyozimwa na Fundi

Ukiwasha Vitz, IST au Passo ambayo haijamaliza mwezi tangu itoke bandarini, huenda sauti ya kike ikakusemesha Kijapani. Wapo wanaodai inakutakia safari njema, wapo wanaodai inaonya kuwa mafuta yanakaribia kuisha. Ukweli wenyewe hauna uzito: kiboksi kidogo cha ETC, kinachotumika kulipia barabara za kulipia huko Japani, kinalalamika kwamba hakina kadi. Huku kwetu hakina kazi. Fundi umeme akikichomoa, gari halijapungukiwa na kitu.

Hiyo ndiyo kelele pekee ya gari ninayokushauri uizime bila kufikiri mara mbili. Nyingine zote, milio na taa, zina sababu yake, ila tumejizoesha kuzinyamazisha kwa mtindo uleule. Fundi anatoa balbu, au anafuta hitilafu kwa mashine asubuhi ili gari liuzwe mchana, na mnunuzi anaondoka ameridhika. Gari la mtumba linaweza kukubeba miaka mitano likiwa na eabegi zilizokufa na mfumo wa breki wa ABS usiofanya kazi, lisikudai hata senti, kwa kuwa vifaa hivyo vinangoja dharura. Hakuna safari ya kawaida itakayokuonyesha kwamba havipo. Ndiyo maana inabidi uvitafute mwenyewe, na sehemu kubwa ya utafutaji huo unaifanya ukiwa umekaa kitini.

Washa swichi bila kuwasha injini. Kwa gari la funguo, zungusha mpaka ON. Kwa gari la kitufe, bonyeza mara mbili bila kukanyaga breki. Dashibodi itajaa taa. Madereva wengi hutazama taa itakayobaki ikiwaka. Tazama kwanza ile ambayo haikuwaka kabisa. Taa ya SRS, yaani ya eabegi, yenye picha ya mtu aliyekaa na duara mbele yake, inatakiwa kuwaka, itulie kama sekunde 6, kisha izime yenyewe. Isipowaka, balbu imetolewa au imezibwa. Ikikaa ikiwaka sambamba na taa ya oili, halafu zote mbili zikazimika pamoja injini inaposhika, basi kuna mtu ameunganisha waya. Taa ya oili hungoja injini. Ya SRS haingoji injini, inafuata saa yake.

Upo ujanja mzito zaidi. Gari lililogongwa Japani au huku, eabegi zikafyatuka, hugharimu pesa nyingi kurudishiwa vifaa vyake. Kwa hiyo kuna wanaoweka kifuniko kipya cha usukani, ndani mtupu, na kwenye waya wanachomeka kipande kidogo cha umeme kinachoidanganya kompyuta kwamba eabegi ipo. Hapo taa itawaka na kuzima vizuri kabisa, na wewe huna la kushuku. Kinachobaki ni macho: rangi ya kifuniko cha usukani inayotofautiana kidogo na dashibodi, mstari wa dashibodi upande wa abiria ulioshonwa au kupakwa gundi, mikanda mipya ndani ya gari kuukuu. Na kabla ya kulipa, dai karatasi ya mnada wa Japani. Gari lililoandikwa daraja R au RA ni gari lililowahi kupata ajali na kutengenezwa. Si lazima ulikatae, lakini ujue unanunua nini, na bei ishuke.

Kwa wakazi wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Zanzibar lipo jambo jingine. Kampuni ya Takata ya Japani ilitengeneza vilipuzi vya eabegi kwa makumi ya mamilioni ya magari ya chapa nyingi, zikiwemo Toyota, Honda, Nissan, Mazda na Subaru, ikitumia kemikali ya amonia naitreti. Kemikali hiyo ikikaa miaka kwenye joto na unyevunyevu huharibika. Siku ya ajali inaungua kwa kasi kuliko ilivyopangwa, kikombe cha chuma kinapasuka, na vipande vyake vinaruka kuelekea uso na shingo ya dereva. Watu wamekufa kwa majeraha hayo katika ajali ambazo zenyewe zisingewaua. Magari yakaitwa kurudi kwa mawakala, na Takata ikaomba kinga ya ufilisi Juni 2017. Joto na unyevu wa pwani yetu ndiyo hali mbaya kuliko zote kwa kifaa hicho.

Gari lililouzwa nje kabla ya kuitwa, au ambalo mwenyewe wa Japani hakulipeleka, limekuja na kifaa kilekile. Chukua namba ya chesisi, ile inayoanza kwa herufi na tarakimu za modeli kama NCP61, kistari, halafu namba za gari lako. Watengenezaji wa Japani wana kurasa kwenye tovuti zao za kuingiza namba hiyo na kuona kama gari lina wito ambao haujatekelezwa. Kurasa ziko kwa Kijapani, ila programu ya tafsiri kwenye simu inakuvusha. Ukikuta gari lako lina wito, andika barua au fika kwa wakala rasmi wa chapa hiyo nchini ukiwa na namba mkononi. Usimwachie fundi wa mtaani ajaribu.

Honi ikikataa kulia na taa ya SRS ikawaka kwa wakati mmoja, usihangaike na honi. Nyuma ya usukani kuna utepe wa waya uliojiviringa, unaopeleka umeme wa vyote viwili huku usukani ukizunguka. Umekatika. Utepe huo unabadilishwa, na eabegi inarudi kazini. Wanaokuwekea kitufe cha honi pembeni ya dashibodi wamekurudishia kelele tu.

Halafu wapo mafundi wa kushona siti, ambao tunawapenda kwa sababu kitambaa cha Kijapani huchafuka haraka. Kabla hujawapa gari, angalia ubavu wa nje wa kiegemeo cha kiti cha mbele. Ukiona kilebo kidogo kilichoandikwa SRS AIRBAG, humo mna eabegi ya pembeni inayotoka kwa kupasua mshono. Kava la ngozi bandia lililozungushwa kiti kizima na kushonwa kwa uzi mnene litaizuia, au litaielekeza kusikotakiwa. Mwambie fundi aache ubavu huo wazi au ashone kava lenye upenyo hapo. Vivyo hivyo, boksi la tishu na mapambo ya kubandika juu ya dashibodi mbele ya abiria yametegwa juu ya mlango wa eabegi, na mlango huo hufunguka kwa nguvu ya mlipuko.

Eabegi yenyewe bila mkanda ni hatari. Imepangwa kumpokea mtu aliyeshikwa kitini. Asiyefunga mkanda hutupwa mbele tangu breki inapokanyagwa, akaikuta ikiwa bado inatoka. Kaa walau sentimita 25 kutoka kifuani hadi katikati ya usukani. Mtu mfupi apandishe kiti na kuushusha usukani uelekee kifua, usielekee uso. Mkanda wa chini upite kwenye mifupa ya nyonga, si tumboni, na mjamzito aupitishe chini kabisa ya tumbo. Vile vichomekeo vya bandia vinavyouzwa kwenye maduka ya urembo wa magari, vya kunyamazisha mlio wa mkanda, ni biashara ambayo sijawahi kuielewa: mtu analipa pesa ili kifaa cha kumlinda kiamini uongo.

Kagua mikanda kwa kuivuta yote mpaka mwisho. Kingo zisiwe zimechakaa. Ivute kwa ghafla, ikaze; iachie, irudi yenyewe. Mkanda ukiwa mchafu, uoshe kwa sabuni laini na maji, usitie jiki, kwani dawa hiyo hula nyuzi. Mkanda ambao kikazio chake kiliwahi kufyatuka kwenye ajali hautumiki mara ya pili.

Mtoto hapakatwi kiti cha mbele, hata kama ni hapo sokoni tu. Mtoto wa kilo 10, gari linapogonga kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, hukuvuta mikononi kama mzigo wa kilo 200, na hakuna mikono ya mzazi inayoushika. Kiti cha mtoto mchanga kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya eabegi iliyo hai. Magari mengi ya Kijapani ya miaka ya karibuni yana vishikizo vya ISOFIX: ingiza vidole kati ya kiegemeo na kikalio cha kiti cha nyuma, utagusa vyuma viwili kama vipini. Wenye magari wengi hawajui kama vipo.

Sasa breki. Mazoea mabaya tuliyorithi kwenye magari ya zamani ni kupampu pedali gari linapoteleza. Kwenye gari lenye ABS, kanyaga kwa nguvu zote na ushikilie. Pedali itatetemeka chini ya mguu na kutoa mkwaruzo, na wengi hushtuka wakaachia hapohapo. Usiachie. Mtetemo huo ni mfumo unaofunga na kuachia magurudumu mara nyingi kwa sekunde ili usukani uendelee kutii, na wewe ukwepe. Usitegemee kwamba utasimama karibu zaidi kila mahali. Kwenye changarawe na vumbi zito gari lenye ABS linaweza kwenda mbele zaidi kabla ya kusimama. Ukipata barabara tupu baada ya mvua, jaribu mara moja kwa mwendo mdogo ili mguu uujue mtetemo huo.

Taa ya njano ya ABS ikiwaka peke yake, breki za kawaida bado zipo. Mara nyingi ni sensa ya gurudumu iliyojaa tope, au waya uliovutwa fundi alipobadilisha beringi au shokapu. Ikiwaka pamoja na taa nyekundu ya breki huku handibreki iko chini, tafuta pa kusimama. Kwa ujumla taa nyekundu ni ya kusimama, ya njano ni ya kumwona fundi ndani ya siku chache, ya kijani au bluu ni taarifa tu. Ile ya bluu yenye kipimajoto kwenye magari madogo husema injini bado baridi, nayo huzimika baada ya dakika chache. Ikigeuka nyekundu, zima gari na usiguse mfuniko wa rejeta mpaka ipoe.

Oili ya breki ndiyo inayosahaulika kuliko zote, kwa sababu haiishi. Ina tabia ya kunyonya unyevu hewani. Ikiwa mpya, ile ya DOT 3 huchemka kuanzia nyuzijoto 205. Ikishanyonya maji, kiwango hicho hushuka kuelekea 140. Disk za mbele zinafika huko kirahisi ukiwa umejaza watu na mizigo, unashuka Kitonga kuelekea Dar, Sekenke kuelekea Nzega, au Rironi kwenda Mai Mahiu. Oili ikichemka, mvuke unaingia kwenye mabomba, mvuke unabanwa, na pedali inazama mpaka chini bila kitu. Badilisha oili yote kila miaka 2, na gari la mtumba lianze nayo siku ya kwanza, maana hujui ilikaa humo tangu lini. Kiwango kikishuka kwenye kichupa, usikimbilie kuongeza. Ama pedi zimekwisha, ama kuna mahali panavuja, na vyote viwili vinataka macho ya fundi.

Kwenye miteremko ileile, injini ikusaidie. Mtindo wa kuweka nyutro ili kubana mafuta ni hasara mara mbili. Injini ya kisasa hukata mafuta ukiachia eksileta huku gia imeingia, ila ukiweka nyutro inabidi iunguze mafuta ili isizimike, na breki zinabaki peke yao. Gari la otomatiki lina herufi ambazo watu hawazigusi: 2, L, S au B. Ndiyo kazi yake. Toyota za zamani kidogo zina kitufe ubavuni mwa gia kinachowasha maandishi O/D OFF. Wapo wanaodhani ni hitilafu, na wapo wanaotembea nacho kikiwa kimebonyezwa miezi mingi wakilalamika gari linakula mafuta. Kibonyeze unaposhuka au unapopanda mlima mrefu, ukifika tambarare kirudishe.

Kwenye matairi, anza kwa kusoma ubavuni. Neno DOT linafuatiwa na herufi, na mwisho wake kuna tarakimu nne: 2419 maana yake wiki ya 24 ya mwaka 2019. Tairi lenye kashata nzuri lakini umri wa miaka 10 ni mpira mkavu uliopakwa rangi nyeusi kwenye yadi ya magari. Kisha tafuta neno STUDLESS, au majina kama Blizzak na iceGUARD. Gari hilo limetoka sehemu za theluji, na mpira wake umetengenezwa laini ili ushike barafu. Kwenye lami ya Dodoma saa nane mchana mpira huo unalainika kupita kiasi, unakwisha haraka, na kwenye lami yenye maji unachelewa kusimama. Muuzaji atakuambia matairi ni mapya. Ni kweli ni mapya, ila si ya huku.

Upepo usimwachie mjaza upepo aamue. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva kuna kibandiko chenye kipimo cha kPa. kPa 220 ni sawa na 32 kwenye mashine za mtaani, na 230 ni kama 33. Namba iliyo ubavuni mwa tairi ni ya ukomo, si ya kujazia. Pima asubuhi kabla gari halijatembea. Tairi la akiba lile jembamba la rangi ya njano au jeusi lina sharti lake: linataka kPa 420, yaani 60, na halizidi kilomita 80 kwa saa. Mara nyingi huja limelala robo upepo kwa sababu hakuna aliyelitazama tangu Yokohama.

Pembeni ya usukani, chini, magari mengi yana kigurudumu kidogo chenye namba 0 mpaka 5. Hicho kinashusha mwanga wa taa za mbele. Ukiwa peke yako weka 0. Ukijaza kiti cha nyuma na buti, pua ya gari inapanda, basi ongeza namba, la sivyo taa ya kawaida itawapofusha wenzako kama ful. Balbu za LED zilizotiwa kwenye kioo kilichotengenezewa balbu ya halojeni hufanya kosa hilo hilo hata gari likiwa tupu. Hazadi ni ya gari lililosimama au lililopata dharura, na ukiiwasha huku unakwenda kwenye mvua, anayekufuata hajui kama unakata kona. Vioo vikijaa ukungu, washa AC na upeleke upepo kwenye kioo, kwani AC hukausha hewa. Kitambaa kinafuta kwa dakika moja tu. Na kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani kisikae kimebonyezwa safari nzima ya usiku, watu watano mkivuta hewa ileile usingizi unakuja bila kuitwa.

Kapeti za chini zimewahi kuilazimisha Toyota kuita mamilioni ya magari yarudi, mwaka 2009 na 2010, kwa sababu kapeti ya dereva ilipanda na kunasa eksileta. Sisi tunaweka ya kiwandani, juu yake ya mpira, juu yake ya nailoni ili zisichafuke. Kwa dereva iwe moja, iliyoshikwa na vishikizo vyake. Ikitokea eksileta imenasa: weka nyutro, kanyaga breki kwa nguvu mara moja na ushikilie bila kupampu, simama pembeni, ndipo uzime. Gari la kitufe linalotembea huzimwa kwa kukishikilia kitufe kama sekunde 3. Kukigusa mara moja hakutoshi. Usizime kabla ya nyutro na breki, maana usukani utakuwa mzito.

Wenye Aqua na Prius, ubavuni mwa kiti cha nyuma kuna matundu ya hewa ya kupoozea betri kubwa. Begi la nguo likiyaziba kutoka Arusha hadi Dar, betri inachemka. Nyaya za rangi ya chungwa hazishikwi na mtu asiyesomea.

Ukiwa na pesa ya jambo moja tu mwezi huu, nunua matairi. Mwezi unaofuata oili ya breki, ambayo kwa gari dogo lita moja inatosha kubadilisha yote. Baada ya hapo ndipo uende na taa ya SRS, na usiende nayo kwa fundi wa kila kitu. Vipimo vingi vya bei rahisi husoma injini peke yake, kwa hiyo uliza kama mashine yake inasoma SRS, na akuonyeshe hitilafu kwenye kioo kabla hajaifuta. Atoe waya wa negativu wa betri na angoje dakika chache kabla ya kugusa usukani. Akishatengeneza, endesha siku kadhaa uone kama taa inarudi. Akikuambia anaweza kuizima bila kugusa kitu kingine, chukua funguo zako.